Dume wa Mbung'o

Tarehe 1 Aprili 1902 serikali ya Uingereza ililitoa Jimbo la Mashariki katika Uganda, ikalitia ndani ya Himaya ya Afrika Mashariki. Kwa amri hiyo nchi ya Wateso, Wasamia na Wakhayo ikagawanywa. Mito ya Sio na Malaba, ambayo watu walikuwa wakiivuka kwenda kuoa, kununua mtama na kuzika jamaa zao, ikawa mpaka. Busia na Malaba za leo zilikua juu ya mstari huo, na Kocholia, penye hospitali inayowahudumia watu wa Teso Kaskazini, haiko mbali na hapo. Mbung'o waliokuwa wakiishi kwenye vichaka vya kingo za mito hiyo hawakuhama wala hawakugawanyika.

Wakati mpaka unachorwa, watu walikuwa wanakufa. Mwaka 1901 madaktari Albert Cook na Jack Cook wa hospitali ya Mengo waliwatambua wagonjwa wa malale miongoni mwa watu waliowapokea, na katika miaka michache iliyofuata ugonjwa ulifagia Busoga na kingo za Ziwa Victoria, ukafika upande wa Samia na Nyanza. Waliokufa walizidi 200,000. Mwaka 1903 David Bruce, daktari wa jeshi aliyekwisha kuona mbung'o wakiangamiza ng'ombe huko Zululand, alifanya jambo jepesi lenye akili nyingi. Aliomba inzi wanaouma wakusanywe kila upande wa ziwa na kupelekwa Entebbe, pamoja na habari za mahali penye wagonjwa. Akachora ramani ya mbung'o waliopatikana kati ya inzi hao, na ramani ya ugonjwa. Zikalingana.

Tangu hapo mbung'o akawa mdudu wa kuhesabiwa. Watu walitaka kujua yuko wapi, ana vimelea au hana, amemuuma nani. Kwa mbu, jike peke yake ndiye anayenyonya damu, ndiyo maana dume wa mbu alisahauliwa kwa muda mrefu sana. Mbung'o ni tofauti: dume na jike wote huishi kwa damu, na wote huweza kuambukiza. Hata hivyo dume alihesabiwa kama mdomo wa kuuma tu. Ilipita miaka mingi kabla watu hawajauliza kwa uzito: kati ya madume wote hawa, ni yupi anayepata watoto? Ni yule mwenye mwili mkubwa? Na kama ni yeye, ukubwa humsaidia vipi?

Geoffrey Hale Carpenter alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukaa na mdudu huyu kwa subira. Baada ya serikali kuwahamisha watu kutoka visiwa vya Ziwa Victoria, yeye alikwenda kuishi huko kuanzia 1910, akichimbua pupa kwenye mchanga wa fukwe na kuchunguza mahali mbung'o wanapozalia. Uzazi alioufuatilia hauna mfano kwa wadudu wengi. Jike wa mbung'o hatagi mayai. Yai moja huanguliwa ndani ya tumbo lake, buu akalelewa humo kwa maziwa yanayotoka katika tezi za mama, na baada ya siku tisa au kumi mama humzaa buu mmoja mwenye uzito unaokaribia wake mwenyewe. Buu huyo hali chochote duniani. Hujichimbia udongoni papo hapo, ngozi yake ikawa ganda gumu jeusi, akakaa humo kama mwezi mmoja, akatoka akiwa mbung'o kamili. Baada ya kutoka, gamba la mwili wake haliongezeki tena.

Hapa ndipo habari ya dume inapoanza, na mtu akiipita haraka hataelewa mengine yote. Umbo alilo nalo dume wa mbung'o siku anayokufa ni lile alilotoka nalo udongoni, na lote alilipata kwa mama. Mama akikosa damu, au joto likazidi hata akiba yake ikaisha upesi, mtoto huzaliwa mdogo. Hakuna mlo atakaoupata dume huyo baadaye utakaorefusha ubawa wake. Milo yake ya kwanza itamjengea misuli ya kifua tu. Kwa hiyo anayepima ubawa wa dume anapima neema au dhiki aliyoipitia mama yake wiki nyingi zilizopita. Naona jambo hili lilistahili kusemwa mapema zaidi katika vitabu vilivyozungumza juu ya nguvu za madume, maana vingi vilimtazama dume kana kwamba mwili ule aliujenga mwenyewe.

Vitabu vyenyewe vilianza mbali. Mwaka 1871 Charles Darwin alichapisha kitabu chake juu ya uchaguzi wa wenzi, na humo aliona kwamba katika wadudu wengi dume ni mdogo kuliko jike, isipokuwa kwa jamii kama za mende wenye pembe ambao madume hupigana. Alifikiri kwamba kukua kunahitaji muda, na dume anayewahi kukomaa huwapata majike mapema. Hilo peke yake lingetosha kutuonya kwamba ukubwa una gharama. Mtu wa Teso au wa Bukhayo anayekusanya kumbikumbi mvua zinapoanza ameushika ushahidi huo mkononi. Wale wachache wanaoponyoka ndege na masufuria huangusha mabawa, wakachimba wawili wawili, na ndani ya kichuguu malkia huvimba hata asiweze kutembea huku mfalme akibaki mdogo kando yake. Mfalme huyo hana wa kupigana naye. Kazi yake ni kuwa hai na kumpa malkia mbegu mwaka baada ya mwaka, na kwa kazi hiyo mwili mdogo unamtosha.

Kwa mbung'o, jibu lilianza kuonekana Shinyanga, Tanganyika. Huko Charles Swynnerton alianzisha utafiti mkubwa wa mbung'o miaka ya 1920 na 1930, na mmoja wa wasaidizi wake, C. H. N. Jackson, alikuwa akiwapaka mbung'o vitone vya rangi, akiwaachia na kuwakamata tena ili ajue ni wangapi na wanaishi muda gani. Watu waliotembea porini na ng'ombe walikuwa wakiandamwa na kundi la mbung'o, na wengi wa kundi hilo walikuwa madume wasio na njaa. Hawakufuata damu. Walijua, kwa jinsi mdudu anavyojua, kwamba jike mchanga atakuja pale kutafuta mlo wake. Ng'ombe, kwa dume wa mbung'o, ni uwanja wa kuposea.

Fikiria basi ni sifa gani zinazohitajika uwanjani hapo. Jike huingiliwa akiwa na siku chache tu tangu kutoka udongoni, na mbegu anazohifadhi siku hiyo huweza kumtosha maisha yake yote. Dume hawezi mara moja. Inambidi aishi siku kadhaa, anyonye damu, akomae, ndipo awe na nguvu ya kumshika jike na kukamilisha tendo. Kuingiliana kwenyewe huchukua kuanzia nusu saa hadi saa mbili au zaidi, kutegemea aina. Kabla hajashindana na dume mwenzake, lazima kwanza ashindane na jua, njaa, ndege na buibui. Shindano la kwanza ni kuwa hai.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka katika shirika ambalo watu wa Malaba walilijua kama jirani. Baada ya vita vya pili vya dunia utafiti wa mbung'o na malale wa Kenya, Uganda na Tanganyika uliunganishwa, na makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti huo, EATRO, yakawekwa Sukulu karibu na Tororo, upande wa pili wa mpaka. J. P. Glasgow wa shirika hilo alichapisha mwaka 1961 makala juu ya uchaguzi wa ukubwa kwa mbung'o. Hoja yake ilikuwa hii: ukiwapima mbung'o wachanga na wale walioishi muda, wachanga ni wadogo kwa wastani, na kwa kuwa mbung'o hakui baada ya kutoka udongoni, tofauti hiyo ina maana moja tu. Wadogo wamekufa njiani. Mwaka 1974 R. J. Phelps na G. P. Y. Clarke walilifuata jambo hilo kwa madume wa mbung'o wa nchi iliyokuja kuwa Zimbabwe, wakaonyesha kwamba kuondolewa kwa madume wa ukubwa fulani hufuata majira. Wakati wa joto kali mama hudhoofu, huzaa wadogo, na wadogo hao huwa na akiba haba ya mafuta ya kuwafikisha kwenye mlo wa kwanza. Dume mdogo wa mwezi mbaya hakushindwa na dume mkubwa. Alikufa kabla ya kumwona jike hata mmoja.

Nguvu ya dume katika uzazi ilikuwa imekwisha kutumiwa kama silaha hapo Shinyanga, kabla madume hawajaanza kutiwa utasa kwa mionzi ili kupunguza uzazi. F. L. Vanderplank aligundua kwamba aina mbili za mbung'o za pale huingiliana bila kubaguana, lakini ndoa zao karibu zote ni tasa. Mwaka 1944 aliwapeleka kwa wingi mbung'o wa aina moja kwenye eneo kavu walimokaa wa aina nyingine, mahali ambapo wageni wasingeweza kudumu. Madume wa kigeni waliwapanda majike wenyeji, majike wakaacha kuzaa, na wenyeji wakapungua karibu kwisha. Kisha wageni nao wakamalizwa na ukame. Ni moja ya majaribio mazuri kuliko yote yaliyofanyika Afrika Mashariki katika karne ile, na ni jambo la kusikitisha kwamba lilikaa kwenye majalada kwa miongo mingi.

Huku kwetu ugonjwa haukungoja. Mwaka 1964 malale yalizuka Alego, Nyanza, na R. J. Onyango pamoja na wenzake wawili wa EATRO, K. van Hoeve na P. de Raadt, wakathibitisha kwamba vimelea vinavyomuua mtu vilikuwa ndani ya ng'ombe wa kufugwa, ng'ombe ambaye huonekana mzima na kutembea kwenda mtoni na sokoni. Matokeo yao yalitoka mwaka 1966. Ukiyaunganisha na yale ya Shinyanga utaona jinsi mambo yalivyokaa: ng'ombe yule yule ndiye hazina ya vimelea, ndiye mlo wa jike, na ndipo mahali dume anapongojea.

Katika miaka hiyo hiyo kijana mmoja wa Kenya alikuwa akiwatazama madume kwa jicho jingine kabisa. Thomas Odhiambo, aliyezaliwa 1931, alisoma Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, kisha Makerere, akafanya kazi ya wadudu Uganda. Mwaka 1959 alichapisha uchunguzi wake juu ya mdudu wa jamii ya kunguni anayewinda wadudu wengine, ambaye dume ndiye hukaa juu ya mayai, akiyalinda dhidi ya nyigu wadogo wanaotaka kutaga humo. Kwa mdudu huyo idadi ya watoto wa dume inategemea uvumilivu wake wa kukaa mahali pamoja siku nyingi huku akikosa mawindo. Baadaye, akiwa Cambridge, alichunguza dume wa nzige wa jangwani na homoni zinazomkomaza. Mwaka 1970 alianzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, na mbung'o wakawa miongoni mwa wadudu wa kwanza kushughulikiwa. Ninamtaja kwa heshima kwa sababu alikataa wazo kwamba mdudu wa Afrika ni adui wa kunyunyiziwa sumu tu. Alitaka ajulikane kwanza, na dume wake ajulikane pia.

Kisha ukaja utawala wa Idi Amin. Mashamba ya pamba na kahawa ya Busoga yaliachwa, kichaka cha lantana kikayafunika, na mbung'o wa mtoni wakapata kivuli mbali na mto. Malale yakarudi kuanzia 1976, yakiwapata watu kwa maelfu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na EATRO ikaondoka nayo; Kenya ikaunda taasisi yake, KETRI, huko Muguga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ulikuwa Tororo, na ng'ombe hawana pasipoti. Busia na Teso wakaupokea. Wagonjwa walipelekwa Alupe, kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba, mahali palipokuwa na hospitali ya ukoma tangu zamani na ambapo hospitali ya rufaa ya malale ya nchi nzima iliwekwa. Mgonjwa aliyefika mapema alichomwa suramini. Aliyechelewa, ambaye vimelea vimekwisha kuingia ubongoni, alichomwa sindano uti wa mgongo kupimwa maji, kisha akapewa melasoproli, dawa yenye zarniki inayowaka ndani ya mishipa na ambayo yenyewe huwaua baadhi ya wanaotibiwa. Waliopona Alupe hawakuhitaji kufundishwa kwa nini mbung'o achunguzwe hadi mwisho.

Uchunguzi huo ulizaa tunda lake kubwa baharini, Unguja. Kisiwa kilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni. Kuanzia 1988 wakulima na wataalamu walipunguza idadi yao kwa dawa iliyopakwa mgongoni mwa ng'ombe na kwa vitambaa vyenye sumu. Kuanzia Agosti 1994 hadi mwisho wa 1997 ndege ndogo ilidondosha madume tasa wapatao milioni 8.5, waliofugwa katika taasisi ya utafiti huko Tanga na kupigwa mionzi. Kwa kuwa dume wa mbung'o naye huuma, walilishwa kwanza damu yenye dawa ya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, ili wasieneze walichokuja kukiondoa. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alionekana Septemba 1996.

Hapo ndipo swali la mwili wa dume lilipoacha kuwa la wasomi. Kila dume tasa aliyeangushwa kutoka angani alipaswa kushinda uwanjani: aruke, afike penye ng'ombe, adumu, ashike jike kwa muda wa kutosha, na kumwachia kile kifuko cha mbegu ambacho J. N. Pollock alikielezea mwaka 1970 kwa kuchunguza aina hii hii ya mbung'o. Uzazi uliporomoka baada ya madume tasa kuzidi 50 kwa kila dume mmoja wa mwituni. Uwiano huo unadokeza kwamba dume aliyefugwa ni dhaifu mbele ya dume wa msituni, hata akiwa na umbo zuri. Ukubwa wa gamba unaweza kupimwa kwa mashine. Mafuta yaliyomo ndani na ujuzi wa kutumia ubawa hupimwa na pori.

Kabla ya hapo Ulaya ilikuwa imefikia kanuni iliyopendeza masikio. Geoffrey Parker, mwaka 1970, alieleza jinsi mbegu za madume zinavyoshindana ndani ya jike, na inzi wa manjano wa kinyesi cha ng'ombe aliokuwa akiwachunguza walimwonyesha pia madume wakubwa wakiwapokonya wadogo majike. Mwaka 1983 Linda Partridge na Marion Farquhar waliona kwamba dume mkubwa wa inzi wa matunda hupata majike wengi zaidi na huishi zaidi. Dume mkubwa hushinda: hivyo ndivyo wengi walivyojifunza. Kanuni hiyo ilipofika Ifakara, Tanzania, ikapata mtihani wake.

Ifakara walikuwa wakishughulika na mbu wa malaria, Anopheles gambiae, yule yule anayewalaza watoto wa Busia na Teso hospitalini. Madume wa mbu huyu hukusanyika jua linapozama, wakiruka kwa kuzunguka juu ya alama fulani ardhini, na jike huingia kati yao, akashikwa, wakaanguka pamoja. Kija Ng'habi na wenzake walichapisha mwaka 2005 jaribio walilolea viluwiluwi kwa msongamano wa viwango vitatu, kila kiluwiluwi akipewa chakula sawa. Dume aliyekulia penye nafasi alimpata jike wa kwanza karibu mara 11 zaidi ya yule aliyekulia kwenye msongamano mkubwa. Madume wakubwa nao walipata majike zaidi ya wadogo. Lakini wale waliokulia penye nafasi waliishi muda mfupi zaidi, na walipohesabu majike wote waliopatikana mpaka mwisho, makundi hayakutofautiana kwa uhakika.

Mtafiti mwingine angesimama hapo. Hawa waliendelea, na mwaka 2008 wakatoa matokeo ambayo mimi nayahesabu kuwa mchango mkubwa wa Afrika Mashariki katika jambo hili. Kwenye wingu la madume, waliofanikiwa zaidi hawakuwa wakubwa wala wadogo. Walikuwa wa kati. Jambo hili halishangazi ukitazama shindano lenyewe: hewani hakuna kubwagana chini, kuna kugeuka haraka na kumfikia jike kabla ya mwenzako, na kurudia hivyo jioni baada ya jioni. Mwili mkubwa hubeba akiba nyingi lakini hugeuka kwa uzito. Mwili mdogo hugeuka upesi lakini huishiwa.

Wavuvi wa Port Victoria, kusini mwa Busia, huona mawingu ya aina hiyo yakipanda ziwani kama moshi. Ni wadudu wadogo wa majini wanaoruka kwa mamilioni, na sehemu kubwa ya mawingu hayo ni madume wanaongojea majike. Kwa baadhi ya jamaa za wadudu hao, Athol McLachlan wa Uingereza alikwisha kuonyesha miaka ya 1980 kwamba dume mdogo ndiye mwepesi wa kumshika jike angani. Kwa hiyo katika kaunti moja unaweza kukuta mende anayeshinda kwa ukubwa, mbu anayeshinda kwa kuwa wa kati, mfalme wa mchwa asiyehitaji kushinda na yeyote, na mbung'o ambaye ukubwa humfaa kwanza kwa kumvusha hai kutoka kwenye ganda hadi kwa ng'ombe.

Mwaka 2011 likaja jambo jipya kutoka Uganda. Watafiti waliwakamata majike wa mbung'o wa mtoni, Glossina fuscipes fuscipes, katika kisiwa cha Buvuma, Otuboi, na Busime, ambayo iko wilaya ya Busia ya ng'ambo. Walipochunguza mbegu zilizohifadhiwa ndani ya majike hao kwa vipimo vya vinasaba, walikuta kwamba wengi walikuwa wameingiliwa na zaidi ya dume mmoja. Imani ya zamani kwamba jike huolewa mara moja ikabidi irekebishwe kwa aina hii, na ndiyo aina ya kingo za Malaba na Sio. Kwa dume hiyo ni habari nzito. Kumwahi jike hakutoshi tena. Mbegu zake zitakutana na za mwingine ndani ya mwili wa jike, na huko ukubwa wa ubawa hauonekani. Kwa mtu anayepanga kuachia madume tasa kwenye bonde la ziwa, maana yake ni kwamba dume tasa aliyemfikia jike kwanza anaweza kufuatwa na dume wa mtoni mwenye mbegu hai.

Teso haikungoja madume tasa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa FITCA, uliofadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya, uliwakusanya wafugaji wa Busia, Teso na wilaya za jirani kunyunyizia ng'ombe dawa, kutega mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, na kutibu mifugo. Kazi hiyo ya mikono, ng'ombe kwa ng'ombe, ndiyo iliyogeuza uwanja wa kuposea kuwa mahali pa kufia mbung'o wa jinsia zote mbili. Mgonjwa wa mwisho wa malale aliyeambukizwa nchini miongoni mwa wakazi alipatikana 2009. Wengine wawili, wageni walioambukizwa Maasai Mara, walifuata 2012. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma.

Mbung'o wenyewe wangali hai, na nagana ingali inawakondesha ng'ombe. Katika nyumba wanamofugwa mbung'o kwa ajili ya kazi kama ile ya Unguja, pupa hupangwa kwa ukubwa kabla ya jambo lingine lolote. Pupa wakianza kuwa wadogo, mafundi hawaendi kuwakagua madume. Huenda kuichunguza damu wanayolishwa majike.